Jembe Tulipewa, Miti Tuijue



Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuliotoka Kongo na kuanza kupokelewa hapa Lobule mwaka 2013 tulipewa jembe pamoja na kipande cha ardhi. Kwa hilo tunaishukuru Uganda. Lakini jembe peke yake halimpatanishi mtu na ardhi.

Mara nyingi tunasikia kambini: "Sisi ni wapita njia tu." Maneno haya yana madhara mawili. Kwanza, anayejiona mpita njia hukata mti bila kuuliza ni wa nani na unazaa nini. Hapo ndipo ugomvi wa kuni huanza. Pili, mawazo humlemea, kwa kuwa miguu iko huku na moyo umebaki kule. Mwaka 1992 mwandishi wa Marekani, Theodore Roszak, alitoa kitabu kueleza kwamba afya ya akili ya binadamu haitengani na afya ya dunia anamoishi. Mkulima aliyeng'olewa shambani kwake hahitaji kuambiwa hayo mara mbili.

Tuangalie Rhino Camp, katika iliyokuwa Wilaya ya Arua. Jina linataja faru. Faru weupe waliishi upande huu wa Nile, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewamaliza. Limebaki jina. Mti wa shea nao unaweza kutuachia jina tu. Huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa, na shoka huuangusha asubuhi moja. Mwezi Mei 2023 amri ya Rais ilizuia uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Lakini amri haiwezi kulinda kila mti usiku na mchana.

Wakakwa wanaishi Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na mti wa shea unaota katika nchi hizo zote tatu. Tena, wenyeji wengi walikimbilia kwetu Zaire, na Sudan, baada ya vita vya 1979, kisha wakarudi. Ukimbizi wanaujua. Tusione haya kuwauliza: mti huu mnauitaje, na unafaa nini?

Basi tunaomba mambo matatu. Kila nyumba ipande mti na kuutunza. Wazee wa pande zote mbili watembee na watoto, wawafundishe majina ya miti kwa Kikakwa, Kilugbara na Kiswahili. Mashirika nayo yalete miche mvua zinapoanza, si wakati wa kiangazi, na mafunzo ya majiko ya udongo yanayopunguza kuni yaendelee.

Siku tutakayorudi nyumbani, Mungu akipenda, wenyeji wabaki na kivuli tulichopanda, nasi twende na mbegu.