Mwalimu, Hiyo Viza Inasema Nini?

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

 

Leo sina mgeni studioni. Nina karatasi. Ililetwa hapa langoni Jumatatu na mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la saba. Nilipomwona nilisimama wima kama bado nimevaa sare. Akaniambia, "Kijana wangu, hii nimeisoma mara nne. Kiingereza nakijua. Ninachotaka kujua ni kile ambacho hakikuandikwa." Amenipa ruhusa niizungumzie redioni, mradi nisitaje jina lake wala blok anayokaa.

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja. Ni viza ya kuingia Dubai, katika Falme za Kiarabu, ya siku 60, kuingia mara moja. Mahali pa kusudi la safari pameandikwa utalii. Wakala aliyemtafutia amemwambia shule za kule zinatafuta walimu wa Kifaransa, na yeye Kifaransa amekula nacho ugali tangu Bukavu. Aende, atembelee shule, wiki mbili atakuwa darasani, viza "itageuzwa" akiwa huko huko. Nusu ya pesa ya wakala amekwisha kulipa. Cherehani ya mke wake haipo tena nyumbani. Tiketi ni ya mwanzo wa Julai.

Walimu wetu mnaofundisha kwa posho, ile tunayoita insentivu, najua wengi wenu mmeinua masikio. Mwalimu ana wanafunzi zaidi ya mia darasani, anafanya kazi ile ile ya mwalimu wa serikali, na mshahara ni posho. Mtu akiniambia anataka kwenda kufundisha mahali ambapo atalipwa kama mwalimu, mimi siwezi kumcheka wala kumwita mwenye tamaa. Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa nikiuliza. Nimekwenda kwa watu wa ulinzi, na nimekaa na mama mmoja mwalimu aliyekwenda mwaka jana akarudi.

Tuanze na lile lililoandikwa. Viza ya matembezi, vijana wanaiita viziti, inakuruhusu kuingia, kulala hotelini au kwa mtu, kutazama nchi, hata kwenda kwenye mahojiano ya kazi. Haikuruhusu kufanya kazi, hata siku moja, hata bila malipo. Kama shule imekupenda, inatakiwa ikuombee kibali cha kazi, nacho kikipatikana unabadilishiwa hadhi, ndipo unashika chaki. Hapo wakala hakusema uongo wote: kubadilisha ukiwa ndani ya nchi kunawezekana. Lakini anayeomba ni mwajiri. Si wewe, si wakala. Bila mwajiri, siku zako 60 zinahesabiwa tu. Zikiisha ukabaki, faini ni dirham 50 kwa kila siku. Dirham moja ni kama shilingi 35 za Kenya. Pigeni wenyewe, mmefundishwa na mwalimu huyu huyu.

Na sheria za huko zimekaza. Tangu 2024, mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali anaweza kutozwa faini kuanzia dirham laki moja hadi milioni moja. Kwa hiyo shule yenye jina lake haitakuweka darasani kwa viziti. Atakayekubali kukuweka ni yule asiyeogopa, na asiyeogopa sheria hatakuogopa wewe siku ya mshahara.

Sasa niwaeleze ya yule mama. Yeye ni Mrundi, anafundisha madarasa ya chini, na watoto wa hapa wanampenda. Alifika mwisho wa Juni. Akapanga kitanda, si chumba, kitanda, katika chumba cha wanawake wanane. Asubuhi anavaa vizuri, anabeba bahasha ya vyeti, anapanda basi. Shule ya kwanza, geti limefungwa. Ya pili, mlinzi anamwambia rudi mwisho wa Agosti. Ya tatu vivyo hivyo. Hakuna aliyemwambia kabla hajaondoka kwamba shule nyingi za huko hufunga mwaka wakati wa joto, karibu na mwanzo wa Julai, na kufungua tena mwishoni mwa Agosti. Walimu wa mwaka mpya hutafutwa mapema, kuanzia Januari hivi hadi Mei. Alikwenda kutafuta kazi wakati waajiri wako likizo. Na Mwalimu wangu tiketi yake ni ya lini? Mwanzo wa Julai.

Mwisho kuna kituo kimoja cha masomo ya ziada kilichomchukua. Wakamwambia ni wiki mbili za majaribio, makaratasi baadaye. Jamani, somo la majaribio katika mahojiano ni dakika 20 au 40, mwalimu mkuu amekaa nyuma anaandika. Wiki mbili na watoto wa wazazi wanaolipa ni kazi. Zilipoisha akaomba haki yake. Mwenye kituo akamwuliza, "Wewe una viza gani?" Basi. Angekwenda kulalamika wapi, wakati na yeye alikuwa amevunja sheria? Siku ya 58 alipanda ndege kwa pesa za kukopa.

Hapo ndipo tunafika kwenye lile ambalo Mwalimu aliliita lisiloandikwa. Mkenya wa Lodwar akienda Dubai akakosa kazi, anarudi Lodwar. Amepoteza pesa, inauma, lakini nyumbani ni nyumbani. Sisi je?

Yule mama alisafiri kwa pasipoti ya Burundi, aliyotafutiwa na binamu yake. Alipotua Nairobi, aliingia kama Mrundi anayetembelea Kenya. Mgeni wa matembezi, kwenye nchi ambayo watoto wake wanne ni wakimbizi! Alipofika Kakuma, alama ya kidole chake haikuwa imeonekana kwenye chakula kwa miezi, na zoezi la kuhakiki lilikuwa limepita. Chakula chake kikasimama mpaka ajieleze. Na alipojieleza, swali likawa lile: mama, ulikwenda kuomba ulinzi kwa serikali uliyoikimbia?

Nisikilizeni vizuri hapa, maana uvumi ni mwingi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha kwanza, sehemu C, unasema mtu akijirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake, anaweza kuacha kuwa mkimbizi. Kuchukua pasipoti ya nyumbani au kuihuisha ni moja ya mambo yanayotazamwa. Haimaanishi kwamba ukiichukua leo, kesho umefutwa. Wanatazama ulifanya kwa hiari au kwa kulazimika, ulikusudia nini, ulipata nini. Unayo nafasi ya kujieleza. Lakini utajieleza, na kujieleza kunaweza kuchukua miezi. Yule mama bado anaitwa.

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Nchi zote sita za Ghuba, yaani Saudia, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait, Bahrain na Oman, hazikutia sahihi Mkataba ule wa 1951. Kule ile karatasi yako ya manifesti haisomeki. Ukikamatwa umezidisha siku au unafanya kazi bila kibali, ukaamriwa kuondoka, watatazama pasipoti. Pasipoti ikisema Kongo, utapakiwa ndege ya kwenda Kongo. Si Nairobi. Hawatakuuliza ulikimbia nini Bukavu. Mwalimu aliposikia hili alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Wakala aliniambia wakikukataa wanakurudisha ulikotoka." Kweli. Ila wao "ulikotoka" wanakusoma kwenye jalada la pasipoti.

Je, mkimbizi hana njia ya kusafiri? Anayo. Kifungu cha 28 cha Mkataba huo huo kinazungumzia hati ya kusafiria ya mkimbizi, na Kenya huitoa. Unaanzia kwenye ofisi ya Idara ya Huduma za Wakimbizi hapa hapa. Uzuri wake mkubwa ni huu: nchi iliyokupa hati hiyo imeahidi kukupokea ukirudi, maadamu haijaisha muda. Ubaya wake, si kila nchi inayoikubali kutolea viza, na ofisi ya kwetu haiwezi kuilazimisha nchi nyingine. Kwa hiyo uliza kwa nchi unayotaka kwenda kabla hujauza hata sufuria. Inachelewa pia, nisiwadanganye. Na kutoka kambini kwenda Nairobi kuifuatilia bado unahitaji ruhusa ya kusafiri. Polisi wa barabarani hawajali kwamba unakwenda kuwa mwalimu.

Mtu atauliza, kwani lazima uende ndipo utafute kazi? Hapana, na hapa nadhani walimu wetu wanajidharau. Kazi ya ualimu inaweza kutafutwa ukiwa umekaa chini ya mti wako Kakuma Three. Shule zinatangaza kwenye tovuti zao wenyewe. Mahojiano yanafanyika kwa video. Tatizo ni mtandao, lakini bando la saa moja haliwezi kulinganishwa na cherehani. Ukifanikiwa, shule inatuma barua ya kazi na mkataba, inaomba viza ya kuingilia kazini, na wewe unasafiri ukijua kitanda chako kiko wapi. Katika sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya 2021, mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Kwa hiyo mtu akikuambia "shule inataka ulipe viza yako ya kazi," ama si shule, ama ni shule ambayo ungejuta kuifundishia.

Kuna pia viza iliyoanza Oktoba 2022, ya watu wanaotafuta kazi, ya siku 60, 90 au 120. Hiyo imeandikwa wazi kwamba umekuja kutafuta. Lakini inataka digrii na uwe wa kundi la ujuzi wa juu, au umemaliza karibuni chuo kilicho kati ya vyuo 500 bora duniani, na hata hiyo haikuruhusu kuanza kazi kabla ya kibali. Walimu wetu wengi wenye cheti cha P1 haitawafaa. Afadhali mjue mapema.

Vyeti navyo, hapo nikae kidogo. Kwa kazi ya ualimu kule, cheti lazima kithibitishwe na wizara ya mambo ya nje ya nchi kilikotoka, kisha na ubalozi wao. Mwenye diploma ya Kongo lazima karatasi yake irudi ikagongwe mihuri Kinshasa. Nani ataipeleka? Na mtu akiipeleka kwa jina lako, tumerudi kwenye swali lile lile la nchi uliyoikimbia. Lakini mwenye cheti alichosomea Kenya, mihuri yake yote iko Nairobi. Mimi nilikuwa sijui hili. Wale mliosomea ualimu hapa kwa ufadhili, mnaodhani cheti cha Kenya ni cha hapa tu, hicho ndicho chepesi kusafiri. Mwalimu wangu anavyo vyote viwili: cha Bukavu na cha hapa. Wakala alikuwa amebeba kile cha Bukavu.

Iko njia nyingine, ya kazi kwanza, ambayo ilitengenezwa kwa ajili yetu. Kanada ilianza majaribio yake mwaka 2018, ikichukua wakimbizi wenye ujuzi walioko Kenya na Mashariki ya Kati, nao wakaingia kama wakazi wa kudumu. Shirika la Talent Beyond Boundaries lina orodha ya mtandaoni ambapo mkimbizi anaandika elimu na kazi alizofanya, na kujiandikisha ni bure. Sikuahidini kitu. Nafasi ni chache, njia hizi hufunguka na kufungwa, na ualimu Kanada unahitaji leseni ya jimbo, kwa hiyo kazi ya kwanza inaweza kuwa msaidizi wa darasa au mlezi wa watoto wadogo. Mwalimu aliyezoea kuitwa Mwalimu, hilo litamchoma kidogo. Ila hapo hakuna atakayekuuliza una viza gani siku ya mshahara.

Najua kuna walimu wananisikiliza sasa ambao viziti iko mfukoni na uamuzi umekwisha. Siwezi kuwafunga miguu. Basi fanyeni haya: nakala ya kila karatasi ibaki kwa mtu wako hapa kambini. Ongea na afisa wa ulinzi kabla ya safari, si baada, na umwambie kweli kuhusu pasipoti. Familia ijue tarehe ya mwisho ya viza yako, siyo wewe peke yako. Na ukiambiwa "anza kufundisha, makaratasi baadaye," ondoka hapo siku hiyo hiyo.

Mwalimu ameomba pasipoti yake na ile nusu ya pesa. Pasipoti wakala ameirudisha Alhamisi. Pesa anasema ilikwishaingia kwenye viza. Tiketi bado haijalipwa yote, na Mwalimu hajaniambia ameamua nini, wala sikumwuliza. Jana nilimwona akitoka darasani na chaki kwenye mikono ya shati.

Juma lijalo, saa hii hii, afisa wa ulinzi atakuwa studioni kujibu kuhusu pasipoti za nyumbani na hati ya kusafiria. Andikeni maswali, msiandike majina, mtumbukize kwenye sanduku letu pale langoni. Wa Kalobeyei mpeni bodaboda wetu wa Jumatano. Kwaherini.

(Muziki.)