Kipaji cha Mmoja na Umoja wa Kumi na Mmoja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tulipoombwa kusema nanyi jioni hii tulipewa ruhusa ya kuchagua jambo tulipendalo, nasi tumechagua mpira wa miguu. Pengine yuko atakayeona kwamba hayo ni mambo ya uwanjani, wala si ya mkutano wa makarani. Twamwomba avumilie kidogo. Tangu Kenya na Uganda walipoanza kushindania Kombe la Gossage mwaka 1926, na Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949, nchi zetu zimekuwa na timu za kuzishangilia, na penye timu ya nchi hapakosi swali hili: Je, ushindi hupatikana kwa kipaji cha mtu mmoja, au kwa umoja wa wote kumi na mmoja? Mwisho wa maneno yetu mtaona kwa nini swali hilo latuhusu hata sisi tusiopiga mpira.

Wako wenzetu washikao upande wa kipaji. Husema kwamba mpira hautiwi golini na umoja, hutiwa na mguu wa mtu. Na mtu huyo asipokuwapo, wengine watapasiana mpaka jua lichwe. Wako na washikao upande wa umoja, nao hutoa ile mithali ya kidole kimoja na chawa. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli. Kipaji ni zawadi ya Mungu, na timu inayokidharau yajidhulumu yenyewe. Lakini kipaji chataka watu wa kukaa nacho. Tutaeleza kwa mifano.

Mfano wa kwanza ni wa Argentina, waliotwaa Kombe la Dunia kule Mexico mwaka 1986. Ukimwuliza mtu yeyote ni nani aliyelitwaa, atajibu: Maradona. Naye atakuwa na haki, kwa kuwa Diego Maradona alitia magoli 5 katika mashindano yale, na moja katika hayo, alipowapita Waingereza mmoja baada ya mmoja, lasifiwa hata leo. Lakini tazameni siku ya fainali, tarehe 29 Juni. Wajerumani walimweka Lothar Matthäus amfuate Maradona kila aendako, na Maradona hakutia goli hata moja siku ile. Argentina walishinda kwa magoli 3 kwa 2, na waliotia ni José Luis Brown, Jorge Valdano na Jorge Burruchaga. Goli la tatu lilipatikana Wajerumani walipokwisha kusawazisha, na dakika zilizobaki zilikuwa chache. Lilitoka katika pasi ya Maradona. Alikuwa amezungukwa, wala hakulazimisha kupita; alimpelekea mpira mwenzake aliyekuwa na nafasi.

Na huyo Brown alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyepewa mahali pa mwenzake. Mahali hapo palikuwa pa Daniel Passarella, aliyekuwa nahodha wao walipotwaa kombe mara ya kwanza mwaka 1978. Passarella akaugua, Brown akasimama badala yake. Katika fainali ndiye aliyetia goli la kwanza. Kisha akaumia bega, akakataa kutoka. Alitoboa fulana yake kwa meno, akapitisha kidole katika tundu lile ili mkono upate kutulia, akacheza mpaka mwisho.

Mfano wa pili ni wa Afrika. Tarehe 12 Februari 2012, mjini Libreville katika nchi ya Gabon, Ivory Coast na Zambia walikutana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ivory Coast walikuwa na Didier Drogba wa Chelsea, na ndugu wawili, Yaya na Kolo Touré wa Manchester City, na Gervinho wa Arsenal. Zambia hawakuwa na majina makubwa kama hayo. Bali walikuwa na deni moyoni: mwaka 1993 ndege iliyochukua timu ya nchi yao ilianguka baharini karibu na mji ule ule, na watu wote 30 waliokuwamo wakafa. Kabla ya fainali wachezaji walikwenda pwani wakaweka maua.

Katika dakika ya 70 Ivory Coast walipata penalti, na Drogba akaipiga juu ya goli. Mchezo ukaisha pasipo goli, hata baada ya muda wa nyongeza. Zikapigwa penalti, Zambia wakashinda kwa 8 kwa 7. Beki wao Joseph Musonda alikuwa ameumia mapema akatoka akilia. Baada ya ushindi, mwalimu wa timu, Hervé Renard, alimbeba mikononi akampeleka kwa wenzake, ili asikose furaha yao.

Lakini tusimdhulumu mtu. Ivory Coast hawakufungwa goli hata moja katika michezo yao yote ya mashindano yale, mpaka zilipofika penalti za mwisho. Timu ya namna hiyo haiwezi kuitwa timu isiyo na umoja, na penalti nazo zina bahati yake. Linalotupa mafunzo ni lile lililofuata. Mwaka 2014 Drogba aliacha kuichezea nchi yake. Mwaka 2015 Ivory Coast, pasipo yeye, na sasa wakifundishwa na Renard yule yule, walifika tena fainali, mjini Bata, wakakutana na Ghana. Mara hii pia halikupatikana goli. Katika penalti wakakosa zao mbili za kwanza. Mlinda lango wao alikuwa Boubacar Barry, yeye aliyelinda lango siku ya huzuni ya Libreville. Alikuwa amekaa akiba, na alipata kucheza fainali kwa sababu mwenzake, Sylvain Gbohouo, aliumia. Zamu ya walinda lango ilipofika, Barry aliizuia penalti ya mlinda lango wa Ghana, kisha akapiga yake mwenyewe, ikaingia. Ikawa 9 kwa 8, na kombe likawa lao.

Hapa ndipo tupatapo kipimo chetu. Umoja wa timu haupimwi kwa namna wanavyomtumikia yule aliye hodari kupita wote. Hupimwa kwa utayari wa mtu wa akiba siku ile hodari asipokuwapo. Watu husema kwamba hatari ya mwenye kipaji ni majivuno. Sisi twaona kwamba hatari iliyo kubwa zaidi iko kwa wenziwe. Wakimzoea, huacha kukimbia, husimama wakamtazama, na timu ya watu 11 hugeuka kuwa mchezaji mmoja na watazamaji kumi.

Wala tusidhani kwamba umoja wa kila namna ni mwema. Mwaka 2010 Ufaransa walikwenda Afrika ya Kusini kushindania Kombe la Dunia. Nicolas Anelka aligombana na mwalimu wao, Raymond Domenech, akarudishwa nyumbani. Tarehe 20 Juni, mjini Knysna, wenzake walikataa kufanya mazoezi. Wakaandika barua, na mwalimu yeye mwenyewe ndiye aliyewasomea waandishi wa habari barua hiyo. Siku mbili baadaye wakafungwa na Afrika ya Kusini magoli 2 kwa 1, wakawa wa mwisho katika kundi lao. Siku ile ya Knysna walikuwa kitu kimoja kweli kweli, lakini walipatana juu ya kuiacha kazi waliyotumwa. Manung'uniko yaweza kuwa ya haki. Hata hivyo yatafutiwe njia isiyowadhuru watu waliokutuma.

Na sasa, wenzetu, turudi nyumbani. Chama chetu kina hodari wake, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Katibu wetu ni mtu wa kipaji. Barua zake twazijua sote, na mara nyingi zimetupatia haki zetu. Lakini mwaka jana alipokwenda livu, barua za wanachama zilikaa miezi miwili pasipo kujibiwa. Haya yalitokea katika chama cha watu ambao kazi yao ya kila siku ni kujibu barua! Hakuna aliyejua ufunguo wa kabati uliko, na kila mmoja wetu alidhani mwingine anajua. Mojawapo ya barua zile ilikuwa ya mjane wa mwanachama mwenzetu, akiuliza habari za fedha za rambirambi. Kosa hilo si la katibu. Ni letu sisi tuliosimama tukitazama.

Kwa hiyo twatoa shauri, nalo ni dogo. Kila mwenye kazi katika Chama hiki awe na mtu wa pili, aijuaye kazi ile na kuifanya mara kwa mara, si siku ya shida tu. Ufunguo uwe kwa watu wawili. Na katibu wetu atakaporudi livu nyingine akakuta mafaili yamejazwa na barua zimejibiwa, asione kwamba tumemnyang'anya cheo. Ajue kwamba tumempa timu.

Brown alikuwa tayari, na Barry alikuwa tayari. Bwana Mwenyekiti, twaomba majina ya watu wa pili yaandikwe usiku huu, kabla hatujatoka katika chumba hiki. Jina letu liwe la kwanza.