Maradhi, Ngoma, na Mlango wa Jirani
Maneno ya katekista mmoja mbele ya wakristo na walimu, Lugoba



Katika yubilei watu hukumbuka mema waliyojaliwa. Mimi naomba ruhusa nikumbuke jambo la huzuni, kwa maana ndani yake tulipata mafundisho.

Maradhi makuu si mageni pwani hii. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka uliofuata kipindupindu kikashuka toka bara, kikafika Pangani, kikavuka hata Unguja, kikaua watu wengi sana. Nasi katika siku zetu tukaiona Korona. Mgonjwa wa kwanza wa nchi yetu alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020, huko Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, na watoto wadogo hawakurudi darasani hata tarehe 29 Juni. Sisi wa Lugoba twakaa kando ya njia kuu itokayo Chalinze kwenda Tanga na Arusha. Basi kila gari lililosimama lilitutia hofu.

Maonyo tuliyasikia: nawa mikono, vaa barakoa, kaa mbali na mwenzako. Yalikuwa maneno ya kweli. Lakini mtu akiambiwa kukaa mbali, asionyeshwe namna ya kukaa mbali bila kumtupa mwenziwe, atafanyaje? Tulinawa, tukajifukiza nyungu, tukafunga milango. Jirani yangu alirudi kutoka safari akikohoa. Mimi, mwalimu wa dini, nilipita mbele ya nyumba yake siku nne, nikitazama upande wa pili.

Hata vijana wetu wakapiga ngoma uwanjani, watu wakakaa mbali mbali chini ya miti. Baada ya ngoma wakacheza mchezo. Dereva arudi nyumbani mgonjwa; mkewe aomba maji; kila mlango wafungwa. Mmoja aliigiza mtu mwenye tasbihi mkononi apitaye upesi. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka.

Kisha wakasimamisha mchezo, wakauliza: “Ninyi mtafanyaje?” Kukawa kimya. Bibi mmoja akainuka, akasema: “Nitaweka ndoo mlangoni, nipige hodi, nirudi nyuma. Yeye ataichukua nikiisha kuondoka.” Kila mtu akaona ya kuwa jambo hili lawezekana. Jioni ile nilipeleka ndoo yangu. Jirani yangu alipona, wala hakuniuliza nilikuwa wapi siku zile nne. Afadhali angaliniuliza.

Njia hii ya kufundishana si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1980 Mwalimu Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Msoga, kijiji jirani. Hawakuwaletea watu mchezo uliokwisha tungwa. Wanakijiji wenyewe walitafuta matatizo yao, wakayatia katika ngoma na michezo, kisha wakajadiliana. Habari za kazi hiyo mama huyo aliziandika katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1991. Na Bagamoyo, tangu mwaka 1981, kipo chuo cha sanaa, ambacho leo chaitwa TaSUBa.

Basi walimu wenzangu, yatupasa kushika mambo mawili. La kwanza, tusiwaandikie watu mchezo wao. Wautunge wenyewe, kwa maana mwenye nyumba ndiye ajuaye panapovuja. La pili, mchezo usiishe kwa makofi. Uishe kwa swali, na mtu wa mwisho kabisa uwanjani apewe nafasi ya kujibu. Katika siku ile mwenye jibu hakuwa mimi, wala si mzee wa baraza. Alikuwa bibi asiyejua kusoma.

Maradhi mengine yatakuja, kwa kuwa ndivyo dunia ilivyo. Yakija, tusingoje siku nne. Ngoma ilie mapema, na ndoo iwe mlangoni.