Gesi Usiyoiona: Kutoka Barabara za Uingereza Mpaka Banda la Vifaranga

Leo tunazungumza juu ya kitu usichokiona wala kukinusa, lakini kinaweza kuua watu wa nyumba nzima kwa usiku mmoja. Ni gesi iitwayo kaboni monoksidi.

Gesi hii inatoka wapi? Inatoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha. Kuni, mkaa, mabua, petroli, vyote vikiungua vizuri hutoa hewa ukaa. Vikiungua kwa shida hutoa kaboni monoksidi. Ukiivuta, huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Damu huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Basi mtu anahema kama kawaida, kumbe mwili unakosa hewa.

Sasa tuitazame nchi moja ambayo ina hesabu ya miaka mingi ya gesi hii, yaani Uingereza. Hesabu zake zinaanzia mwaka 1970. Wakati ule gesi nyingi ilitoka kwenye magari ya petroli. Tangu hapo imepungua kwa zaidi ya robo tatu. Je, Waingereza waliacha kupanda magari? Hata kidogo! Magari yameongezeka. Kilichobadilika ni namna ya kuunguza. Kuanzia miaka ya 1992 na 1993 magari mapya ya petroli yalitakiwa yafungwe, kwenye bomba la moshi, kifaa cha kuigeuza gesi hiyo kuwa hewa ukaa. Na majumbani watu wengi waliacha kuota moto wa makaa ya mawe.

Na wakulima je? Nao walikuwamo. Baada ya kuvuna ngano na shayiri walikuwa wakichoma mabua shambani. Mwaka 1993 sheria ilipiga marufuku jambo hilo katika England na Wales. Ikawabidi wayafukie kwa plau, au wayafunge robota kwa ajili ya mifugo.

Unaona, ndugu mkulima? Gesi hii hupungua kwa njia tatu: kuupa moto hewa, kubadilisha kifaa, au kutouwasha kabisa. Njia hizi unazo hata wewe.

Tuanze na banda la vifaranga. Usiku una baridi. Unaingiza jiko la mkaa, unaziba madirisha kwa magunia, halafu unajilaza humo humo ili uwalinde kuku wako. Hapo umejitega mwenyewe. Wengine husema, “Mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi, hauna madhara.” Si kweli. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini gesi hii haina mawingu. Mkaa uwashie nje mpaka ukolee, uache nafasi ya hewa juu ya ukuta, na usilale humo. Vifaranga nao wanahema. Na jiko la chumbani litoe nje kabla hujalala, hata kama kuna mvua.

Pili, pampu ya maji. Maji yakishuka kisimani, usiiteremshe pampu ya petroli ndani ya kisima, wala usishuke pamoja nayo. Mashine ikae juu, mahali penye upepo. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate mbio. Wengi wamekufa kwa kuwafuata wenzao. Zima mashine, ita watu, mvuteni kwa kamba kama amefungwa, au tafuteni waokoaji.

Tatu, mabua. Ukiyachoma, unatoa gesi hii pamoja na moshi, na chakula cha udongo kinapotea. Walishe ng'ombe, tandaza shambani, au tengeneza mboji.

Mwisho, zijue dalili. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu. Mtu husema ni malaria. Lakini mkiamka mnaumwa wote mliolala nyumba moja, na mkitoka nje mnapata nafuu, lishuku jiko. Fungueni milango, mtoeni mgonjwa nje, kisha mumpeleke hospitali mara moja apewe oksijeni. Mwelezeni daktari kwamba palikuwa na moto ndani. Msisahau hilo, maana ndilo litakalomwonyesha ugonjwa.

Haya, ndugu mkulima. Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, jiulize swali moja tu: jiko liko wapi? Kama liko ndani, inuka ukalitoe. Kwaheri, na kazi njema.