Waandishi wa Rwanda na Dhamira Zao katika Somo la Kiswahili: Tatizo la Vitabu Visivyofika Darasani

Mada kwa semina ya walimu wa Kiswahili na fasihi, Kigali

Dhamira, kama wanasemina wanavyofahamu, ni wazo linalotawala kazi ya fasihi, na maudhui ni jumla ya mawazo, mafunzo na msimamo wa mwandishi. Fasihi ya Kiafrika inachukuliwa hapa kuwa ni ile iliyotungwa na Waafrika kuhusu maisha yao, iwe kwa lugha zao au kwa lugha zilizoletwa na ukoloni. Mjadala wa fasili hiyo umeendelea tangu mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Makerere mwaka 1962 na hauna haja ya kurudiwa hapa.

Rwanda ina waandishi wa kutosha kulijaza somo zima. Padri Alexis Kagame (1912–1981), mshairi na mwanafalsafa, aliandika kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa. Scholastique Mukasonga, ambaye familia yake ilihamishiwa Nyamata kwa nguvu mwaka 1960 na ambaye mwenyewe alikimbilia Burundi mwaka 1973, alipata tuzo ya Renaudot mwaka 2012 kwa riwaya ya Notre-Dame du Nil, inayoonyesha jinsi ubaguzi ulivyolelewa ndani ya shule ya bweni ya wasichana. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, alipata tuzo hiyo hiyo mwaka 2024 kwa Jacaranda, naye Beata Umubyeyi Mairesse wa Butare ameandika juu ya familia zilizotawanyika na watoto waliookolewa. Pamoja nao anastahili kutajwa Boubacar Boris Diop wa Senegali, aliyekuja Rwanda mwaka 1998 pamoja na waandishi wengine wa Kiafrika, akachapisha Murambi mwaka 2000, kisha mwaka 2003 akatoa riwaya kwa Kiwolofu, lugha yake mwenyewe. Uhamisho, kumbukumbu, ukimya wa wazazi na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ndizo dhamira zinazowaunganisha waandishi hawa wa baada ya Kagame.

Tatizo ni kwamba kazi zao zinazojulikana zaidi zimeandikwa kwa Kifaransa na kuchapishwa Paris, ilhali Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kinafundishwa bila kuwa nazo. Mwalimu analazimika kuandika ubaoni orodha ya dhamira, na mwanafunzi anakariri dhamira za kitabu ambacho hajawahi kukigusa, jambo ambalo ni vigumu kuliita ufundishaji wa fasihi. Katika La femme aux pieds nus (2008), kwa mfano, Mukasonga anajenga maombolezo ya mama yake, Stefania, kwa kueleza kwa utulivu jinsi nyumba ilivyojengwa na jinsi mtama ulivyolimwa na kuvunwa. Mama huyo alikuwa amewaagiza binti zake waufunike mwili wake atakapokufa, na kwa kuwa hilo halikuwezekana, kitabu chenyewe kinafanywa sanda. Neno "kumbukumbu" likiandikwa ubaoni peke yake haliwezi kumfikishia mwanafunzi lolote kati ya hayo.

Mada hii haikusudii kulaumu taasisi yoyote, kwa kuwa kila moja hufanya kazi ndani ya bajeti na kanuni zake. Hata hivyo mzunguko uliopo hauna budi kusemwa wazi. Haki ya kutafsiri, yaani idhini ya kisheria ya kukitoa kitabu katika lugha nyingine, kwa kawaida husimamiwa na mchapishaji wa kwanza, na kwa vitabu hivi mchapishaji huyo yuko Ufaransa. Mchapishaji wa Afrika Mashariki hathubutu kuinunua kabla ya kuhakikishiwa soko. Soko la uhakika la kitabu cha Kiswahili nchini Rwanda ni shule. Shule husubiri kitabu kiidhinishwe. Na kitabu hakiidhinishwi kabla hakijachapishwa. Warsha baada ya warsha zimelitambua tatizo hili, zikapendekeza liundiwe kamati, na miaka imepita mwanafunzi akiwa na orodha ile ile. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994, ilisubiri miaka 28 na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 ndipo ikasomeka kwa Kiswahili kama Peponi. Watoto wa Rwanda hawapaswi kusubiri Nobel.

Inapendekezwa, kwanza, mamlaka za elimu zitoe ahadi ya maandishi ya kununua nakala kabla ya kitabu kuchapishwa, maana hapo ndipo mzunguko unapoweza kukatwa. Pili, haki ziombwe kwa pamoja na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili gharama igawanywe na kitabu kimoja kisomwe Kigali, Bujumbura na Dodoma. Tatu, tafsiri ifanywe moja kwa moja kutoka Kifaransa na isipitie Kiingereza, kwa kuwa Rwanda ina watu wanaomudu Kifaransa, Kinyarwanda na Kiswahili kwa pamoja, wakiwamo wazaliwa wa mitaa ya Nyamirambo na Biryogo hapa Kigali ambao Kiswahili chao kimedharauliwa mno kuwa ni cha sokoni. Nne, mitihani isiulize dhamira za kitabu ambacho shule haina. Tano, waandishi na familia za manusura washirikishwe, kwa sababu msamiati wa mauaji ya kimbari ukikosewa huwaumiza watu walio hai. Sita, na hili ni kulirudia la kwanza kwa makusudi, ahadi ya ununuzi itangulie kamati yoyote mpya.

Kazi ianze na La femme aux pieds nus, kitabu kifupi kinachoweza kumalizwa katika muhula mmoja, na rasimu ya tafsiri isomwe na walimu wa Bugesera, wanaofundisha karibu na Nyamata ya Stefania, kabla haijapelekwa mtamboni.