KUPIGA PICHA NJE WAKATI WA USIKU

Watu wengi wenye kamera huirudisha katika mkoba wake mara jua linapotua, wakidhani kwamba kazi ya siku imekwisha. Leo twapenda kusema nanyi juu ya kazi iliyobaki. Mfano wetu ni Kizwite, pale Sumbawanga, ambako tulikaa siku chache katika mwezi wa Julai. Nchi ile ya Ufipa imeinuka mita 1,800 hivi juu ya bahari; kiangazi mawingu ni machache, upepo ni mkali, na baridi ya usiku humfanya mgeni ajute kuacha koti lake nyumbani.

Wa kwanza kujulikana sana kwa picha za usiku katika nchi yetu alikuwa Mjerumani, C. G. Schillings, aliyesafiri pande za Kilimanjaro na nyika ya Wamasai katika miaka ya 1903 na 1904. Wapagazi walimchukulia kamera nzito na unga wa magnesi, ambao ukiwashwa hulipuka kwa mwanga mkubwa wa ghafula. Alifunga punda au ng'ombe awe chambo, akatega kamba, na simba alipoigusa alijipiga picha mwenyewe. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1905, na watu wa Ulaya wakastaajabu. Sisi twazistaajabia picha zile, lakini desturi ya kumfunga punda hatuisifu.

Siku hizi taa ya kumulika imo ndani ya kamera na hata ndani ya simu, wala hailipuki. Lakini nguvu yake ni ya karibu tu. Kitu kikiwa mbali mara mbili, hupata robo tu ya mwanga ule. Kikiwa mbali mara tatu, hupata sehemu moja ya tisa. Basi mtu amulikaye mlima kwa taa ya simu ajisumbua bure. Nje, usiku, njia iliyo bora ni kungoja mwanga uliopo.

Na mwanga huo ni mdogo kuliko tudhanivyo. Mwezi mpevu hutupa wapata sehemu moja katika 400,000 ya mwanga wa jua. Tufanye hesabu. Picha ambayo mchana hutaka sehemu moja ya mia ya sekunde, chini ya mwezi mpevu itataka sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa nzima, ikiwa tundu la lenzi halikubadilishwa. Tukilipanua tundu hilo lipitishe mwanga mara kumi na sita, dakika nne na kidogo zatosha. Mwenye kamera ya filamu aongeze tena, maana filamu ikingojeshwa huchoka, haipokei mwanga kama mwanzo. Simu nyingi za sasa hufanya vingine: hupiga picha fupi nyingi, kisha huziunganisha kuwa moja.

Kwa muda wote huo kamera isitikisike hata kidogo. Asiye na kisimamio cha miguu mitatu na aiweke juu ya ukuta, imeegemea mfuko wa maharage. Kidole nacho hutikisa. Kwa hiyo ziba lenzi kwa kofia bila kuigusa, fungua kamera, ngoja itulie, ndipo uiondoe kofia. Hila hii ni ya zamani, lakini hatujaona iliyo rahisi kuipita.

Sasa tuwaambieni kosa letu. Usiku wa kwanza, yapata saa tatu, tulisimama kando ya shamba lililovunwa, tukaelekeza kamera kwenye nyumba chache na mlima ulio nyuma yake. Tulizima taa zetu, tukanyamaza. Dakika ya tatu ilikuwa haijaisha tulipoona tochi zikija, na mwanga wake ukaingia moja kwa moja katika lenzi. Walikuwa watu watatu, mbele yao mzee mmoja. Tukasema, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanyamaza kidogo. "Ninyi ni akina nani, wanangu, mnaosimama gizani bila taa karibu na nyumba za watu?"

Hatukuwa na jibu zuri. Wenyeji husimulia kwamba jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Na pale, kama mahali pengi, mtu asimamaye kimya usiku karibu na milango ya wenzake lazima aulizwe. Picha iliharibika, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Asubuhi tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaeleza kazi yetu, kisha tukapita nyumba kwa nyumba. Usiku wa pili yule mzee alileta kiti chake akakaa pamoja nasi, akituuliza juu ya nyota.

Tulimweleza kwamba dunia huzunguka, na hivyo nyota huonekana kusogea digrii moja kwa kila dakika nne. Lenzi ikiachwa wazi saa moja, kila nyota huchora mstari. Kwa kuwa Sumbawanga iko digrii 8 hivi kusini mwa Ikweta, nyota zitokazo mashariki hupanda karibu wima. Apendaye nyota zibaki vitone asipite sekunde ishirini. Mwenye kutaka Kilimia katika Julai aamke kabla ya alfajiri, saa ambayo baridi ni kali kupita zote.

Mzee akauliza, na radi je? Radi hujipiga picha yenyewe: lenzi huachwa wazi kuelekea wingu, na umeme umulikapo picha imekwisha. Lakini kazi hiyo ya masika ifanywe ndani ya nyumba iliyo imara, nyuma ya dirisha lililofungwa, kamwe si uwanjani wala chini ya mti. Hesabu sekunde tangu umeme hata ngurumo. Kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, radi yaweza kukufikia ulipo.

Tulipokwisha kuichapa picha ya usiku ule wa pili, tulimpelekea mzee nakala. Aliitazama sana, akakataa kwamba ni ya usiku; bati la nyumba yake lilikuwa limeng'aa, na majani ya mti wake yalikuwa na kivuli kama cha saa sita mchana. Ndipo alipoiinua karibu na macho, akaona juu ya mlima, katika mbingu iliyo nyeupe, vistari vifupi vya nyota.