Viganja na Nyayo Zinazotoka Jasho Wakati wa Mazoezi

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Leo ningependa kuzungumza na yule kijana ambaye kabla ya kumsalimu mtu hufuta kiganja kwenye suruali kwanza. Mzazi wake naye asogee karibu na redio, kwa sababu jambo hili huonekana dogo nyumbani, lakini shuleni si dogo.

Katika ziara zetu za shule nilikutana na msichana wa kidato cha pili, mchezaji hodari wa netiboli. Taabu yake ilikuwa moja. Mpira ukimfikia ulimponyoka, maana viganja vyake vilikuwa vimelowa kama aliyetoka kufua. Wenzake wakaanza kukwepa kumshika mkono. Mmoja akasema huo ni ugonjwa wa kuambukiza. Basi msichana akajitungia tiba: siku ya mazoezi hakunywa maji tangu asubuhi, akidhani maji yakipungua mwilini jasho nalo litapungua. Alasiri, jua likiwaka, akaanguka uwanjani. Tulimlaza kivulini, tukamlegeza nguo, tukampoza kwa vitambaa vya maji. Alipozinduka kabisa na kuweza kumeza vizuri ndipo tukampa maji, kidogo kidogo. Nikamshika mkono ili nimtulize. Kiganja chake, hata baada ya kiu ya siku nzima, bado kilikuwa kimelowa.

Nitakueleza kwa nini. Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na zimesongamana zaidi viganjani na kwenye nyayo. Tezi za kifua na mgongo hufanya kazi hasa mwili ukipata joto. Zile za viganja na nyayo huamriwa zaidi na hofu, haya na msisimko, kupitia mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu mwanafunzi hulowesha karatasi ya mtihani hata asubuhi ya baridi kule Limuru. Wakati wa mazoezi mambo mawili hukutana, joto la mwili na wasiwasi wa kutazamwa. Kujinyima maji hakukaushi viganja. Kunachofanya ni kuunyima mwili njia yake ya kujipoza na kuuchosha moyo.

Sasa, wako watu ambao tezi hizi hutoa jasho kupita mahitaji. Kwa kawaida hali hii huanza utotoni au wakati wa kubalehe, hushika mikono yote miwili au miguu yote miwili, na hutulia mtu akilala usingizi. Mara nyingi iko katika ukoo. Hebu waulize shangazi na wajomba, huenda ukapata mwenzako. Haiambukizi, wala si laana, na mtoto asiachishwe michezo kwa ajili yake.

Kwa mikono, njia ya kwanza ni rahisi: kitambaa cha pamba kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono, cha kujifutia kila mchezo unaposimama. Najua wengi husugua mikono kwenye vumbi la uwanja. Vumbi hukausha kwa muda mfupi, lakini changarawe hukwaruza ngozi, na ngozi iliyokwaruzwa ikilowa huuma na hupata vidonda upesi. Anayenyanyua vyuma awe mwangalifu zaidi, kwani chuma kikiteleza kinaweza kumvunja mguu. Afute mikono kabla ya kila zamu, na asinyanyue vizito peke yake.

Miguu ndiyo yenye kazi. Jasho jipya halina harufu kubwa. Harufu hutokana na vijidudu vinavyostawi ndani ya kiatu chenye unyevu. Humo humo ukungu hupata nafasi, ngozi ikawa nyeupe na kuchanika katikati ya vidole. Ukiona hivyo, nenda ukapate dawa ya kupaka ya kuua ukungu, na uitumie kwa muda wote ulioambiwa hata kama mwasho umekwisha. Osha miguu kwa sabuni kila siku na ukaushe katikati ya kila kidole; hapa ndipo wengi tunapofanya haraka. Soksi za pamba hunyonya jasho lakini zikilowa hubaki mbichi na kuleta malengelenge, kwa hivyo beba jozi ya pili ubadilishe mchezo ukifika nusu. Kiatu kilicholowa hakikauki kwa usiku mmoja chini ya kitanda. Kama una jozi mbili za raba, zivae kwa zamu. Kama ni jozi moja, na najua kwa wengi ni hiyo moja, legeza kamba, toa soli ya ndani, jaza magazeti makuukuu na uviweke viatu mahali penye upepo. Baada ya mazoezi vaa ndara, miguu ipumue.

Haya yote yakishindikana, ipo dawa ya kupaka yenye kloridi ya alumini. Hiyo ni tofauti na marashi ya kwapani ambayo huongeza harufu nzuri tu. Hupakwa usiku kabla ya kulala, kwenye ngozi kavu kabisa isiyo na kidonda, kisha huoshwa asubuhi. Mwanzoni ni kila usiku. Jasho likipungua, mara moja au mbili kwa wiki hutosha. Ukiipaka kwenye ngozi yenye unyevu itakuwasha. Muulize mfamasia nguvu inayokufaa. Kwa walio na hali kali kuna tiba nyingine hospitalini kwa daktari wa ngozi.

Yule msichana alirudi uwanjani, chupa ya maji kando yake na kitambaa mkononi. Mpira bado humponyoka mara moja moja.

Kabla sijaondoka, kuna jasho ambalo si la kunyamazia. Ukiamka usiku shuka zimelowa, unakohoa kwa wiki mbili au zaidi na kukonda, nenda ukapimwe kifua kikuu. Matibabu yake ni bure katika hospitali za serikali. Ukitoka jasho jingi huku mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio na unakonda ingawa unakula, huenda ni tezi ya shingoni. Jasho pamoja na homa, pimwa malaria. Mgonjwa wa kisukari akitokwa ghafla na jasho baridi na kutetemeka, apewe kitu chenye sukari mara moja, mradi anaweza kumeza. Na mtu yeyote anayefanya mazoezi, akishikwa na maumivu ya kifua pamoja na jasho baridi, asimame na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuwapa watoto dawa za minyoo. Kwaheri kwa sasa.